Waliochora au kuchorewa samani za kale, tupeane uzoefu

Wanabaraza, jana nimeonyeshwa mchoro wa penseli wa kiti cha enzi, kile cha mpingo chenye mgongo mrefu na pa kuwekea miguu, walichokuwa wakikalishwa wageni wenye cheo kwenye majumba ya mawe ya Amu (Lamu) na Pate. Mashallah! Kila uzi wa msuko wa mgongoni umechorwa, na unapopita juu ya mwenzake umetiwa kivuli. Hata njumu (pambo la kupachikwa kwenye mti) ya pembe iliyobanduka, tundu lake limeachwa wazi. Nyinyi mna yapi?

Fundi wa Langoni: Kwa seremala huo ni mali. Mpingo ukiupiga picha kwa simu unapata weusi na mng'ao, maungio huyaoni. Mchoraji hana budi aamue mti upi unaingia wapi. Niliwahi kuletewa kiti kilichovunjika mkono, pamoja na mchoro wa marehemu baba wa mteja, wa tangu kiti kizima. Nikaona ulimi wa mkono unatoboa nguzo hadi upande wa pili, na umezuiwa kwa kijiti. Basi misumari nikaiweka kando. Njumu tulitia mfupa wa ngamia, pembe ya ndovu ni haramu.

Mama Mkomani: Sisi ni samadari ya nyanya, kile kitanda kirefu cha kupandia kibago (kigoda). Binti yangu aliichora kwa kazi ya shule, akaja kuniuliza mbona mguu mmoja una pingili nne na mingine tano. Nikamwambia hesabu vizuri. Tukainama na tochi, kweli! Mjomba ndiye aliyekumbuka kuwa wa zamani uliliwa na mchwa, ukakerezwa mwingine. Tumelalia kitanda hicho tangu utotoni, na sote tuna macho.

Msomaji, Malindi: Mie napinga kidogo. Nilinunua mchoro wa mlango wa nakshi, maua ya kushoto na kulia sawasawa kabisa. Mlango wa mkono haukai hivyo, patasi huteleza. Aliyemsahihisha fundi amechora mlango wake mwenyewe. Mchoro wenyewe umetundikwa jikoni.

Mwanzisha mada: Haha, jikoni! Bwana fundi, mteja wako atakubali tuunakili ule mchoro wa babake?

Fundi wa Langoni: Nitamuuliza. Ila mtumie penseli ngumu, zile laini zinachafua msuko.