MREJESHO: Neva za mkono baridi na kelele ya hezi 50

Wakuu, niliuliza kwa nini kwenye kipimo cha kasi ya umeme wa neva, neva zote mbili za hisia za mkono, midiani (upande wa kidole gumba) na alna (upande wa kidole kidogo), zilisoma polepole ilhali ganzi ya mgonjwa iko kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati tu, yaani eneo la midiani. Tena skrini ilijaa kelele ya hezi 50, yaani mwingilio wa umeme wa ukutani. Asanteni sana wote.

Aliyesema tupime joto la ngozi kwanza alilenga palepale. Kiganja kilikuwa nyuzi 27. Mkono ulilowekwa kwenye maji ya uvuguvugu, ukakaushwa vizuri, tukarudia ulipofika 32. Alna ikarudi kawaida. Midiani ikabaki nyuma: kwenye kidole cha pete, kinachohudumiwa na neva zote mbili, umbali sm 14 kwa zote mbili, ilichelewa kuliko alna kwa milisekunde 1.1 (ikizidi 0.5 si kawaida). Basi imebanwa kwenye kifundo cha mkono. Na mjue baridi hukuza kimo cha wimbi la hisia, kwa hiyo wimbi la kimo kikubwa lililochelewa likutie shaka kuwa mkono ni baridi.

Kelele haikuisha. Kusugua ngozi, jeli mpya na elektrodi ya ardhi kati ya kichocheo na elektrodi za kupokea vilisaidia. Kuchomoa kitanda cha umeme ukutani kulisaidia zaidi. Iliyobaki tuliipunguza kwa kuchukua wastani wa majibu ya vichocheo 20. Kichujio cha mashine cha kukata hezi 50 sikukiwasha, kinaharibu umbo la wimbi.

Kipimo cha sindano cha umeme wa msuli wa kidole gumba bado. Mgonjwa anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, tunasubiri majibu ya INR (kipimo cha kasi ya damu kuganda).