Amejifutia mafuta ya nyama choma kwa karatasi yangu ya mizani

Wakuu, naandika nikiwa nimesimama, kwa sababu nimejaribu kukaa mara tatu na hasira imeniinua mara tatu. Nimetoka sasa hivi kwenye nyama choma ya jumuiya yetu hapa Aurora, Colorado. Yule bwana sina haja ya kumtaja, kwa kuwa hakuna Mwafrika Mashariki katika mji huu ambaye hajawahi kufundishwa naye jambo asilolijua mwenyewe. Amenichukulia mkononi karatasi ya mizani, yenye uzito wa pikapu yangu na wa karavani, ile nyumba ya magurudumu ninayoikokota, akaitazama kwa muda usiotosha hata kusoma tarehe, kisha akajifutia nayo mafuta ya mbuzi vidoleni. Amefanya hivyo mbele ya mke wangu, mbele ya wanangu, na mbele ya baba mkwe, ambaye amesafiri kutoka Morogoro kuja kutuona na hajamaliza hata wiki moja.

Nitaeleza yaliyokuwa katika karatasi ile, ili kila mtu ajue ni nini kilichofutiwa mafuta.

Pikapu yangu ina kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva, kinachosema kwamba uzito wa watu na mizigo kwa jumla usizidi ratili 1,420, yaani kama kilo 644. Karavani tuliyoinunua mwezi wa tatu, ikishapakiwa vyombo, matandiko, chakula na mitungi ya gesi, ina ratili 7,000. Kitabu cha gari kinasema kwamba pikapu inaweza kukokota ratili 9,200, na hapo ndipo bwana yule anapoanzia na ndipo anapoishia: 7,000 ni ndogo kuliko 9,200, basi washa gari uondoke. Hataki kusikia kwamba karavani ya namna hii haivutwi tu, bali pua yake inalalia nyuma ya gari, na uzito huo wa pua, ambao kwa usalama unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa karavani nzima, ni mzigo wa gari sawasawa na magunia yaliyopakiwa nyuma. Nilikwenda kwenye mizani ya malori, nikapima nikiwa na karavani, nikaifungua, nikapima tena bila karavani, nikatoa hesabu. Pua yangu ina ratili 910.

Sasa jumlisheni wenyewe. Mimi nina 190, mke wangu 160, watoto wawili kwa pamoja 230, mzee 170. Hapo tumefika 750 kabla ya kupakia hata chupa ya maji. Chuma cha kuungia, pamoja na fito zake za kusawazisha uzito, ni 90. Jenereta, baiskeli na zana ni 150. Ukiongeza pua unapata 1,900 kwenye gari lililoruhusiwa 1,420. Nimezidisha ratili 480, na nilikuwa najiandaa kuvuka Handaki la Eisenhower kwenye barabara ya I-70, zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, na kisha kuteremka mteremko wa asilimia 7 kuelekea Silverthorne, ambako zimechimbwa njia za dharura kwa ajili ya malori yaliyopoteza breki. Hiyo ndiyo karatasi aliyojifutia mafuta.

Nilijaribu kumwambia kwamba ile 9,200 haikupimwa na familia ndani. Kwa kanuni J2807 ya SAE, chama cha wahandisi wa magari, ambayo viwanda vya pikapu huifuata, gari hupimwa likiwa na dereva na abiria mmoja tu, kila mmoja akihesabiwa ratili 150, kwa hiyo kila mtoto na kila baiskeli unayoiongeza inakula uwezo huo. Akacheka hadi watu wa meza nyingine wakageuka. Akasema kibandiko kiliandikwa na mawakili, kwamba nikiweka springi za hewa mambo yataisha, na kwamba kama naogopa mlima nirudi nyumbani nikaendeshe bajaji. Springi za hewa huinua sehemu ya nyuma ya gari ionekane imekaa sawa. Haziongezi nguvu ya ekseli, wala ya tairi, wala ya breki, na kibandiko hakibadiliki hata ratili moja. Mtu huyo angeonyeshwa punda akiwa amelala chini ya shehena, angesema punda yupo sawa kwa kuwa shehena imesimama wima.

Na kilichoniuma kuliko vyote ni kwamba baba mkwe aliendesha lori miaka mingi kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Mlima Kitonga anaujua kona kwa kona, na karatasi ya mizani aliishika kabla bwana yule hajajua kushika usukani. Mzee hakusema neno. Aliinama, akaiokota, akaikunjua juu ya goti lake, akasoma tarakimu moja baada ya nyingine kupitia mafuta, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama karavani ina breki zake yenyewe.

Nimemaliza. Yaani sijamaliza, lakini mikono inatetemeka.

Mteremko_Mkali: Pole sana, mkuu. Bwana huyo huyo ndiye aliyenishauri nihamishie jenereta na masanduku ya zana nyuma kabisa ya karavani ili pua iwe nyepesi. Pua ikawa nyepesi kweli, na nilipofika kwenye I-80 huko Wyoming, karibu na Elk Mountain ambako upepo haupumziki, karavani ikaanza kuyumba kushoto na kulia hadi ikawa inaliendesha gari badala ya gari kuiendesha yenyewe. Kilichoniokoa ni kuachia mafuta, kushika usukani bila kuupinda, na kubonyeza kwa mkono swichi ya breki za karavani. Ningekanyaga breki ya gari kwa nguvu, leo nisingekuwa naandika. Nilipomsimulia, alisema sijui kuendesha.

Shangazi_wa_Greeley: Mtoa mada, kuhusu karatasi nakuonea huruma, kwa sababu huo ni utovu wa adabu hata kama ingekuwa karatasi ya sukari. Lakini na wewe umezidi. Pasaka iliyopita ulitupandisha sote kwenye mizani ya bafuni, mmoja mmoja, kabla ya kutupa lifti, na namba zetu ukaziandika kwenye daftari mbele ya majirani. Mimi sijasahau, na dada yangu hajasahau.

Mtoa mada: Shangazi, shikamoo. Nilipima kwa sababu mtu anapoulizwa uzito wake hutaja ule wa siku ya harusi, na hesabu hii haivumilii adabu ya namna hiyo. Kuhusu majirani naomba radhi, ningewapimia ndani. Lakini mimi sijajifutia mafuta kwa karatasi ya mtu.

Mnunuzi_Aliyeumia: Afadhali wewe umedharauliwa na mtu ambaye hakukuuzia kitu. Mimi nilidharauliwa na aliyepokea fedha zangu. Muuzaji alinionyesha kijitabu kinachosema karavani ina ratili 5,600, na hakunieleza kwamba huo ni uzito mkavu, yaani kabla ya betri, gesi, maji na chochote ambacho binadamu anahitaji ili alale humo. Betri na mitungi miwili ya gesi hukaa puani, kwa hiyo uzito wa pua ulioandikwa kwenye kijitabu nao ulikuwa wa uongo tangu siku ya kwanza. Nikajaza tangi la maji la galoni 40 kabla ya kuondoka, na maji hayo peke yake ni zaidi ya ratili 330. Anzeni hesabu na uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibandiko cha karavani yenyewe, chukueni asilimia 13 ya huo kuwa uzito wa pua, na msimsikilize mtu mwenye kijitabu mkononi.

Masafa_Marefu: Mimi naendesha lori la kazi. Jumla yangu ikizidi ratili 80,000 bila kibali natozwa faini, na naingia kila kituo cha mizani kilichofunguliwa. Wenye karavani mnapita pembeni, pua zimeinama, taa za mbele zinaangalia nyota, na nikiwa nyuma yenu kwenye mteremko nanusa breki zenu. Malalamiko yangu ni hayo, nayo ni makubwa kuliko ya karatasi.

Mtoa mada: Ndugu Masafa, mimi sikupita pembeni. Mimi nilikwenda kupimwa kwa hiari na fedha yangu, na ndiyo maana karatasi ile ilikuwepo hata ikapatikana ya kufutia mafuta. Nimeshapanga upya. Mke wangu ataendesha gari dogo na watoto na baiskeli, jenereta na zana zitabaki nyumbani, na pikapu itachukua mimi na mzee: 190, 170, 90 na 910 ni 1,360. Tunabaki na ratili 60, na mzee amesema yeye hahami kiti cha mbele.

Mnunuzi_Aliyeumia: Sitini ni chache. Mzee asibebe zawadi.

Mteremko_Mkali: Mkuu, na tairi za karavani umezitazama? Nyingi za zamani zimewekewa kikomo cha maili 65 kwa saa, na huwa zinazeeka zikiwa zimeegeshwa uani kabla hazijalika. Yangu ilipasuka ikiwa na meno yote.

Shangazi_wa_Greeley: Hapo umenigusa. Aliyetuuzia karavani alituhakikishia kuwa tairi ni mpya kwa kuwa zilikuwa zinang'aa. Umri wake unasomwa wapi?

Masafa_Marefu: Pembeni mwa tairi, baada ya herufi DOT, tafuta tarakimu nne za mwisho. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tazama pande zote mbili, wakati mwingine tarakimu hizo zimegeukia ndani.

Shangazi_wa_Greeley: Nipo chini ya karavani na tochi. Nimeona 0914. Ninyi, naomba mnisubiri, namwita mume wangu.