Mchoro wa maksai na plau: niupe jina gani?

brashi_namba8
Wakuu, naombeni mawazo. Mchoro ni wa rangi za mafuta kwenye turubai, sentimita 60 kwa 80, umelala. Maksai wawili wamesimama katikati ya shamba, bado wana nira shingoni, plau imezama udongoni, na koti limening'inia kwenye mshikio wake. Mtu hayupo. Mwanga ni wa manjano, vivuli vinaelekea kulia. Majina niliyonayo: "Maisha ya Kijijini", "Machweo Shambani" na "Jasho la Mkulima". Katalogi ya maonyesho inafungwa wiki hii. Lipi?

fremu_na_nyundo
Hata moja, mkuu. Chukua kila jina ulibandike kwenye michoro mingine mitatu ya shamba, ya mtu yeyote. "Maisha ya Kijijini" litakaa vizuri kwenye yote mitatu, kwa hiyo halijasema lolote kuhusu huu wako. "Jasho la Mkulima" ndilo baya zaidi. Nguvu ya picha hii ni kwamba mkulima hayupo, halafu jina linamrudisha na kumwamuru mtazamaji amwonee huruma.

Na asije mtu akakushauri uuite "Koti". Koti ni dogo, mtazamaji anahitaji muda kidogo kuligundua. Ukilitaja kwenye kadi ya jina kando ya picha umemnyima ugunduzi huo.

kivuli_kirefu
"Machweo" litakuumbua. Pima kivuli cha maksai ulinganishe na kimo chake. Kikiwa mara mbili ya kimo, jua liko nyuzi 27 hivi juu ya upeo, na popote duniani hapo limebakiza zaidi ya saa moja na nusu kuzama. Hiyo ni alasiri. Machweo yenyewe vivuli hutambaa mpaka vikatoka nje ya picha, au havionekani kabisa.

Tena vivuli hivyohivyo vinaweza kuwa vya asubuhi. Rangi peke yake haiwezi kuamua, jina linaweza. Kwa hiyo usitaje wakati kama hukusudii kuamua.

masazo
Niongeze tu kwamba jina la wazi si kosa, kosa ni jina legevu. Mchoraji Mfaransa Millet mwaka 1857 aliwaita wanawake kwenye mchoro wake waokota masazo, yaani mabaki ya mavuno shambani, basi. Neno hilo la kazi limebeba umaskini wote, maana anayeokota masazo ni yule asiye na mavuno yake. Mwingereza Constable naye alipeleka mchoro wake wa mkokoteni mtoni kwenye maonyesho ya London mwaka 1821 kwa jina lenye maana ya "Mandhari: Adhuhuri". Leo watu wanaujua kwa jina la mkokoteni. Jina legevu watu hulibadilisha wenyewe, na hawatakuuliza.

Kwa hiyo tafuta neno la kazi. Maksai, si ng'ombe. Plau, si jembe. Ukiandika jembe, msomaji wa katalogi ataona mtu ameinama na mpini mkononi.

brashi_namba8
Nimepima, kivuli ni mara mbili na kidogo. Machweo nimeyafuta. Nimetazama tena udongo: mifuo sita imefika mwisho wa shamba, wa saba umeishia nusu, pale plau iliposimama. Nafikiria "Mfuo wa Saba".

masazo
Hapo umefika. Linamsukuma mtazamaji ahesabu, na akihesabu atafika kwenye plau, halafu kwenye koti. Angalizo moja: saba ni namba yenye uzito, wapo watakaotafuta maana ya kidini. Ukitaka kuwakwepa, "Nusu Mfuo" linafanya kazi ileile.

fremu_na_nyundo
Lolote kati ya hayo mawili, ila liwe moja tu: kadi, katalogi, jina la faili na nyuma ya picha vilingane herufi kwa herufi. Nyuma andika kwa penseli kwenye ubao wa fremu ya ndani, usiandike kwenye turubai kwa kalamu ya wino mzito, kwa sababu wino unaweza kupenya ukajitokeza mbele baadaye. Mpangilio ni jina, mwaka, rangi za mafuta kwenye turubai, kisha vipimo, kimo kikitangulia upana: 60 × 80. Ukigeuza, mpangaji wa ukuta atakutengea nafasi ya picha iliyosimama.

Kama umeamua "Mfuo wa Saba", kagua fremu ya nje kwanza. Mdomo wake hufunika karibu nusu sentimita kila upande. Kama mfuo wa kwanza uko ukingoni kabisa utamezwa, watu watahesabu sita na kudhani umekosea.