Nakala ya ufunguo wa meseji zetu iwekwe serikalini? Mi nasema hapana, njooni tubishane

Wakuu, jana kijiweni Majengo mzee mmoja kaja na hoja kwamba kampuni za meseji zilazimishwe kukabidhi serikali nakala ya ufunguo, yaani ile siri inayofungua meseji zilizofungwa, ili matapeli wadakwe, watu wote wakamuunga mkono, nikabaki mwenyewe na kikombe changu cha kahawa.

Kwanza wengi wanadhani ule ufunguo unatumwa pamoja na meseji. Hautumwi. Chukulia natuma sanduku Kondoa kwa basi na konda simwamini. Napiga kufuli langu, likifika huna ufunguo wake ila unapiga na la kwako unalirudisha Dodoma, natoa langu, likija tena kwako limebaki la kwako tu, unafungua. Hakuna ufunguo uliopanda basi! Diffie na Hellman, Wamarekani wawili waliotangaza njia ya kupata siri ya pamoja 1976, yao ni hesabu, mnapeana namba hadharani kila mtu anachanganya na siri yake kimyakimya mnatokea kwenye jibu moja, sio makufuli kabisa ila siri haisafiri, ndo hapo tu.

Sasa konda akiwa mjanja anapiga kufuli lake anadai ni la kwako. Hapo ndo kazi ya zile namba 60 WhatsApp inazoweka kwa kila chati, mnatakiwa mlinganishe wawili, zikifanana hakuna konda katikati, nani anafanyaga? Halafu nyie mnataka konda apewe ufunguo kabisa. Marekani serikali ilileta chipu ya Clipper 1993, ya kufunga mazungumzo ya simu, nakala ya ufunguo nusu ofisi hii nusu ofisi ile, 1994 tu mtafiti Matt Blaze akaonyesha jinsi ya kuikwepa, ikafa.

Na "ile hela tuma kwenye namba hii" inakuja kwa esemesi ya kawaida isiyofungwa hivyo, laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, mbona bado zinaingia?

*

Kaka umeongea vizuri ila hujaibiwa wewe. Mdogo wangu kauza alizeti yote ya msimu, kachati na mtu wiki nzima anajifanya anauza pawatila, hela ikaenda. Tukaambiwa chati zimefungwa hazisomeki. Sasa hizo hesabu zako zinamsaidia nini?

*

Pole sana dada. Lakini aliyekwambia hivyo kakuzungusha, chati zimefungwa njiani tu, kwenye simu ya mdogo wako zinasomeka zote na namba iliyopokea hela iko kwenye muamala. Pale ufunguo wa nini?

*

Akina nyie mmeniponza, nimemwita wife tulinganishe hizo namba 60 hapa sebuleni Kizota, mstari wa kwanza tu hazifanani nikaanza kufoka, kumbe nimefungua chati ya shemeji. Sasa naulizwa shemeji kila siku mnaongea nini.