Tumehitimu kwa sahihi, si kwa mikono: malalamiko kuhusu mafunzo ya ufundi sanifu wa mifugo

Wadau wa sekta ya mifugo,

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitajifanya kuwa sina. Nimehitimu stashahada ya ufundi sanifu wa mifugo katika chuo ambacho sitakitaja, na hapa mezani ninacho kitabu changu cha mafunzo kwa vitendo chenye sahihi na mihuri yote inayotakiwa. Ukurasa wa kutoa damu unaeleza kwamba nimechukua damu kwenye mshipa wa shingo wa ng'ombe mara 20 na kwamba umahiri wangu ni "vizuri sana". Ukweli ni kwamba nilihudhuria zoezi hilo mara moja, na siku hiyo kazi yangu ilikuwa kushika mkia.

Uongo huo ulinirudia katika wiki ya kwanza kazini. Daktari wa mifugo niliyewekwa chini yake alinikabidhi sindano na mirija ya damu, akanionyesha ng'ombe ambaye kichwa chake kilikuwa kimekwisha kufungwa vizuri, kisha akaenda kumtazama mgonjwa mwingine kwa sababu aliamini yaliyoandikwa katika kitabu changu. Nadharia niliijua yote. Nilijua kwamba mshipa hupita katika mfereji ulio ubavuni mwa shingo, kwamba unaubana kwa kidole gumba chini ya mahali utakapochoma ili ujae, na kwamba sindano huingia kwa mlalo badala ya kusimama wima. Nisichokijua ni namna mshipa uliojaa unavyohisika chini ya kidole, na hilo halipatikani ubaoni. Nilichoma mara nne, damu ikavilia chini ya ngozi, mnyama akaanza kurusha miguu, na mwenye mali akawa ananitazama bila kusema neno. Daktari aliporudi hakunikaripia. Aliuliza tu kwa sauti ya chini, "Kwani huko mlikuwa mnafundishwa nini?"

Naomba nijibu swali hilo hapa, maana siku ile nilishindwa.

Tulikuwa wanafunzi 60 katika darasa moja, na kwa siku ya vitendo aliletwa ng'ombe mmoja. Ninaelewa kabisa kwamba ng'ombe mmoja hawezi kuchomwa na watu 60, na wala sitaki mnyama yeyote ateswe ili mimi nipate alama. Hiyo ndiyo sababu viko viungo bandia vya kufundishia, shingo za mpira zenye mrija wa maji ya rangi ndani, ambazo mwanafunzi huzichoma hadi mkono uzoee kabla hajamgusa kiumbe hai. Chuo chetu kilikuwa na shingo moja ya namna hiyo, na mrija wake ulikuwa umepasuka kabla sisi hatujafika. Aliyepaswa kusema kwamba wanafunzi wamezidi uwezo wa wanyama, wakufunzi na vifaa vilivyopo hakusema, na badala yake ukabuniwa utaratibu mwingine: wiki ya mwisho ya muhula tulipanga foleni mbele ya meza, mkufunzi akasaini kurasa zote kwa kalamu moja, na tarehe za nyuma tukaelekezwa kuzijaza wenyewe. Nami nilizijaza. Silisemi hili nikijitoa katika lawama.

Najua wapo watakaoandika hapa chini kwamba ufundi hujifunzwa kazini. Sikatai kwamba kazi hukomaza, lakini naomba tuangalie mfano mmoja wa dawa. Zailazini hutumika kumtuliza farasi na ng'ombe pia, lakini ng'ombe huathiriwa nayo kwa kiasi kidogo mno, takriban sehemu moja ya kumi ya kinachohitajika kwa farasi, au hata chini ya hapo. Kwa kipimo cha mg 0.05 kwa kila kilo, ng'ombe wa kilo 400 anahitaji mg 20, yaani ml 1 tu kutoka katika chupa yenye mg 20 kwa kila ml. Anayechanganya na kipimo cha farasi cha mg 1.1 kwa kilo atavuta ml 22 kutoka katika chupa hiyohiyo. Halafu kuna chupa nyingine ya dawa hiyohiyo yenye mg 100 kwa kila ml, na asiyezoea kusoma lebo anaweza kukosea mara tano hata baada ya kupiga hesabu sahihi. Hesabu hizi tulizifanya siku mbili katika miaka miwili, kwa dawa zilizochorwa ubaoni, bila chupa hata moja mkononi. Kitabu changu kinasema nimekokotoa na kuandaa dozi mara 30.

Ukurasa wa usimamizi wa dawa ya usingizi unanitia aibu zaidi. Daktari anapopasua, macho yake yako kwenye jeraha, na fundi sanifu ndiye anayemwangalia mnyama mzima: anahesabu pumzi na mapigo ya moyo, anatazama rangi ya ufizi, anaubonyeza na kuona kama damu inarudi kabla ya sekunde 2 kupita, anagusa pembe ya jicho kujua usingizi umefika kina gani. Sahihi zinasema niliifanya kazi hiyo kwa wanyama watano. Mnyama aliyelazwa kwa dawa sijawahi kumwona hadi nilipoajiriwa.

Lakini kilichonifanya niketi kuandika ni ukurasa wa kwanza kabisa, ambao wengi wetu hatukuusoma. Pana kisanduku kisemacho, "Mwanafunzi amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa kabla ya kushika wanyama." Kimewekewa tiki. Hakuna aliyetuchanja. Katika muhula wa pili tulishikishwa mbwa ambao historia yao hatukuijua, tukiwafunga midomo kwa kamba na kujifunza kuwatuliza, na mwenzetu mmoja aliumwa kwenye kiganja, akasafishwa kwa spiriti na kuambiwa arudi darasani. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo, wakati kinga ya mapema ni jambo linalofahamika: tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi mbili tu, ya pili ikitolewa siku saba baada ya ya kwanza. Mwenzetu alipata chanjo za baada ya kuumwa kwa sababu wazazi wake walimkimbiza hospitali wenyewe. Aliyeweka ile tiki aliweka rehani maisha ya watoto wa watu.

Isisemwe kwamba hakuna anayejua fundi sanifu anapaswa kuweza nini. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lilitoa mwongozo wa umahiri wa kada hii mwaka 2018, na mwaka uliofuata likatoa mwongozo wa mitaala. Mtaala wetu wenyewe, kwenye karatasi, haukuwa mbaya. Tatizo ni zile sahihi za mkufunzi.

Ninasema hivyo kwa sababu alikuwapo mkufunzi mmoja, wa maabara, ambaye hakuwa akisaini ovyo. Hadubini zilikuwa sita na taa iliwaka katika moja, lakini alibaki nasi hadi jioni tukipokezana, kila mmoja akichanganya kinyesi na maji ya chumvi iliyokolea, akisubiri dakika kumi na kitu mayai ya minyoo yaelee, kisha akiyatafuta mwenyewe na kuyachora. Aliyechora povu la hewa na kuliita yai alirudia. Nakiri kwamba tulimwita mkorofi na tukamlalamikia kwa uongozi. Ukurasa wake katika kitabu changu unasema nimefanya mara 9 kati ya 15 zilizotakiwa, na umahiri ni "wastani". Kazini, hiyo ndiyo shughuli pekee ambayo daktari hajawahi kunirudishia.

Ninachodai kwa chuo changu, ambacho bila shaka kina watu wanaosoma hapa, ni kwamba kidahili kulingana na wanyama na wakufunzi kilicho nao, kitengeneze ile shingo ya mpira, kiwachanje wanafunzi waliopo sasa kabla hawajashika mbwa mwingine, na kiache kumtaka mkufunzi asaini asichokiona. Sisi tuliokwisha kutoka tuitwe turudi kwa muda mfupi, hata kwa gharama zetu, tufanye yale ambayo vitabu vyetu vinasema tulishayafanya.

Kwa wenzangu mliopita vyuo vingine: vitabu vyenu vilijazwaje? Na nyinyi madaktari mnaotupokea, mnapoona "mara 20" mnaamini, au mmeshajua siku nyingi?