Nyanya za ndoo zinatoa maua na kuyapukutisha: niendelee kulisha au niache?

NdooTano
Wadau, hamjambo. Naombeni ushauri kabla sijazibeba hizi ndoo hadi kwa lori la taka.

Niko Umoja, Nairobi, ghorofa ya nne, balkoni inatazama mashariki. Nina ndoo tano za rangi, lita 20 kila moja, nimezitoboa chini. Tatu zina nyanya aina ya Anna F1, mbili zina aina ya Cal J. Miche niliihamisha mwisho wa Mei. Udongo ni ule mwekundu, niliununua kwa jamaa wa mkokoteni, nikachanganya nusu kwa nusu na samadi ya mbuzi. Tangu maua ya kwanza yatokeze nimekuwa nikiongeza kila Jumamosi: jivu konzi mbili kutoka kwa choma pale chini, maganda ya mayai niliyoyaponda, maji ya maganda ya ndizi yaliyolowekwa siku tatu, na mkojo wa sungura kikombe kimoja kwa lita tano za maji. Kemikali sitaki, watoto wangu wakiona nyanya hawangoji ioshwe.

Shida ni hii. Maua yanakuja kwa wingi, yanafunguka vizuri, halafu yanakatikia pale kwenye kifundo na kuanguka. Majani ya chini ni kijani cha kupitiliza na yamejikunja kama kucha. Yale machanga ya juu yanageuka manjano, lakini mishipa yake imebaki kijani. Leo ni 14 Julai na sina hata tunda moja. Kinakosekana nini? Niongeze nini?

Mjuaji254
Potasiamu imepungua hapo. Jivu liwe mara mbili kwa wiki, kisha pitia agroveti uchukue unga wa mifupa, ule wa kuchanganyia chakula cha kuku. Maua yanataka fosforasi. Utanishukuru.

PilipiliHoho
Nafuatilia. Hoho zangu za Kasarani zina tabia hiyo hiyo.

ShoshWaLimuru
Mjukuu wangu, kabla hujamwaga kitu kingine humo, nijibu. Maji unayatoa wapi? Jua linakufikia saa ngapi na linaondoka saa ngapi? Na juu ya udongo kuna kitu cheupe kama chumvi?

NdooTano
Shosh, asante kwa kuitikia. Maji ni ya kisima cha landilodi. Ya kaunti huja Jumanne na Ijumaa, na hayo tunayaweka ya kunywa na kupika. Jua linaingia kama saa moja na nusu asubuhi, saa nne jengo la jirani limeshaliziba. Si mnaijua Umoja, unaweza kumpitishia jirani chumvi dirishani bila kunyoosha mkono sana. Cheupe kipo, nilidhani ni jivu langu. Jambo lingine, mama wa ghorofa ya tano akianika nguo, maji ya sabuni hudondokea ndoo mbili za ukingoni. Nimeongea naye mara moja, sikurudia.

FundiUdongo
NdooTano, nina kitalu cha miche huku upande wa barabara ya Kiambu, na kila Julai huwa napokea watu watatu wanne wenye hadithi kama hii. Mimea yako haina njaa. Imevimbiwa.

Nusu ya ndoo ni samadi. Shambani samadi hiyo ingetawanyika kwenye futi nzima ya udongo, mvua ingeshusha iliyozidi, na mizizi ingesogea kando. Ndani ya ndoo mizizi haina pa kukimbilia. Mimi huweka karai moja la samadi iliyooza vizuri kwa makarai manne ya udongo, basi. Wewe juu ya nusu ile ukaongeza mkojo wa sungura kila wiki, na mkojo ni naitrojeni. Majani ya kijani cha kupitiliza yaliyojikunja kama kucha ndiyo risiti yake. Nyanya iliyoshiba naitrojeni hujenga majani na kuyaona maua kama mzigo.

Sasa hayo ya juu. Manjano yenye mishipa ya kijani kwenye majani machanga ni ukosefu wa madini ya chuma. Lakini udongo mwekundu umejaa chuma, ule wekundu wenyewe ndio chuma. Kwa hiyo kipo, ila mizizi haiwezi kukichukua kwa sababu umegeuza ndoo kuwa ya magadi. Jivu likilowa, pH yake (kipimo cha asidi na magadi, namba kubwa ni magadi) huvuka 10. Maji ya visima vingi vya Nairobi yana sodiamu na bikaboneti, tena floraidi, na hicho cheupe unachokiona ni chumvi zake zinazobaki maji yakikauka. Sabuni ya jirani nayo inavuta upande ule ule. Nyanya inataka pH ya kama 6 hadi 6.8.

Hapo ndipo maganda ya mayai yananichekesha. Ganda karibu lote ni kalsiamu kaboneti, yaani chokaa. Chokaa huyeyushwa na asidi. Wewe umeweka jivu likaimaliza asidi yote, halafu unangoja ganda liyeyuke. Chimbua kidogo, utalikuta kama ulivyoliacha. Na unga wa mifupa, Mjuaji254, ni vivyo hivyo, kwenye udongo wa magadi unakaa tu. Dawa yake ilikuwa siku ya kupanda, uchanganywe chini kwenye mizizi.

Maji ya maganda ya ndizi sina ugomvi nayo. Yana potasiamu kidogo na nzi wengi.

Kuna kitu sisi wa mbolea ya kienyeji tunakisahau. Samadi, mifupa na majani havilishi mmea moja kwa moja. Vijidudu vya udongoni huvila kwanza, na hiyo ni kazi ya wiki kadhaa, baridi ikiingia inakuwa zaidi. Unachomwaga leo ua likiwa limefunguka hakimfikii ua huyo, kitamfikia mjukuu wake. Na hiyo nusu ya samadi ambayo haijaliwa bado imelala humo: Septemba joto likirudi itaamka yote pamoja, utapata msitu.

Halafu baridi yenyewe. Usiku wa Julai hapa Nairobi hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Chini ya 13 chavua ya nyanya, ule unga wa ua, inadhoofika, ua halishiki, hata samadi iwe ya peponi.

Kwa hiyo: jivu acha. Maganda acha. Mkojo acha kabisa. Ijumaa maji ya kaunti yakija, hayo mengi hutoka bwawa la Ndakaini kule milimani, ni maji laini, mwagia kila ndoo lita 20 polepole, ngoja nusu saa, mwagia 20 nyingine. Yaache yatoke chini yote, usiyakinge na sahani. Udongo ukishachuja maji, tandaza juu konzi mbili za mboji ya minyoo kila ndoo, funika na nyasi kavu. Kisha mikono mfukoni wiki tatu.

NdooTano
Lita 40 mara ndoo tano ni mitungi kumi! Ya maji ya kupika! Mke wangu atanihamishia huko balkoni niishi na nyanya.

ShoshWaLimuru
Anza na zile mbili zinazodondokewa sabuni. Zingine Ijumaa ijayo. Na maji yanayotoka chini yakusanye uoshee choo, amani ibaki nyumbani.

Mjuaji254
FundiUdongo, kwa heshima, jivu babu zetu walilitumia kabla ya kitalu chako. Mama yangu yuko Nyeri, kila msimu jivu linaenda shambani, na nyanya zinajaza kreti.

FundiUdongo
Na mama yako yuko sahihi. Udongo wa Nyeri umenyeshewa miaka yote mpaka umekuwa na asidi, jivu linaupunguzia asidi hiyo na kuongeza potasiamu. Kisima cha chumvi pia hamwagilii. Dawa ni ile ile, mgonjwa ni mwingine. NdooTano angekuwa ananyweshea maji ya mvua kwenye udongo mtupu wa Kikuyu, ningemwambia aweke jivu nusu konzi mara moja kwa msimu, nisingesema neno.

Mjuaji254
Sawa. Hilo la kisima sikulijua.

MwanaWaKakamega
Mbona hamtaji yale maua ya manjano ya kando ya barabara, tithonia? Kwetu tunaita maua amalulu, Wajaluo wanasema makech, wote tunasema ni chungu. Majani yake yakikauka yana naitrojeni kama asilimia 3.5 na potasiamu kama 4, mbolea ya bure kabisa. Mimi nakata majani mabichi na vishina laini, najaza nusu ndoo, naweka maji, nafunika siku kumi huku nikikoroga. Harufu ni ya kufukuzisha wapangaji, nawaonya mapema. Jirani zangu walimpigia simu fundi wa mabomba.

FundiUdongo
Nzuri, na kwa wakati wa maua naipenda kuliko samadi, kwa sababu iko ndani ya maji tayari na potasiamu yake haizidiwi na naitrojeni. Lakini si kwa NdooTano leo. Baada ya zile wiki tatu, majani mapya yakirudi kijani cha kawaida, ndipo apunguze kwa maji mpaka ifanane na chai ya strungi nyepesi, ampe kila mmea nusu lita kila baada ya wiki mbili. Kwenye mizizi tu, juu ya matunda hapana, watoto wanakula bila kuosha.

PilipiliHoho
Nikikamulia limau kwenye maji ya kisima, si nitaua hayo magadi?

FundiUdongo
Utayapunguza kwa muda, sodiamu itabaki pale pale. Limau weka kwenye kachumbari. Ukitaka kujua udongo wako ulipo, chemsha kabichi nyekundu kwenye maji safi ya mvua, weka udongo kijiko kwenye glasi yenye maji hayo. Yakielekea waridi ni asidi, yakielekea bluu au kijani ni magadi. Usitumie siki kama wanavyofundishana, NdooTano hasa: itatoa povu kwa sababu ya maganda ya mayai na hatajifunza lolote. Anayetaka karatasi yenye namba, maabara ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, pale Kabete hupima udongo kwa malipo.

ShoshWaLimuru
Mmeongea udongo mpaka mmesahau jua. Saa mbili na nusu za jua, tena la Julai lenye mawingu! Nyanya inataka sita na zaidi. Mjukuu, huko juu ya jengo mnakoanika nguo hakuna pembe? Ongea na keateka, yule mtunza jengo. Ndoo ya lita 20 ikilowa ni nzito, kwa hiyo zipandishe kabla ya kuzinywesha hiyo mitungi.

La pili, hao nyuki ghorofa ya nne wanatoka wapi? Ua la nyanya linajichavusha lenyewe lakini linahitaji kutikiswa. Shambani upepo unafanya. Wewe, kuanzia saa nne hadi saa tisa hivi, unga ukiwa mkavu, gonga kwa kidole ile kamba uliyofungia shina. Kila siku. Nimefanya hivyo miaka, watu wa nyumbani wanadhani nasalimia nyanya.

La tatu, niambie ukweli. Cal J umezitoa machipukizi ya kwapani, yale yanayoota kati ya jani na shina?

NdooTano
Yote, Shosh. Niliona video.

ShoshWaLimuru
Nilijua. Anna inapanda kamba bila kikomo, hiyo utaipogoa ibaki shina moja au mawili. Cal J ni kichaka, inasimama yenyewe ikifika kimo chake, na maua yake mengi yangekaa kwenye hayo machipukizi uliyokata. Usiguse tena. Na matunda yakija mwagilia sawasawa, si leo mafuriko kesho kutwa jangwa, yataoza kitako. Nyanya za watu huoza kitako wakakimbilia maganda ya mayai, kumbe shida ni mtungi.

NdooTano
9 Agosti. Narudi kama nilivyoahidi, ingawa sikuahidi.

Ndoo nne ziko juu ya jengo, ya tano hakuna aliyekubali kunisaidia kuibeba. Keateka alikubali kwa sharti la kugawana. Nilizinywesha kwa Ijumaa tatu, mitungi miwili kila ndoo. Cal J moja ikafa: matundu ya chini yalikuwa yameziba na udongo, maji yakakaa humo siku mbili na sikuangalia. Nilipoimwaga nikakuta maganda ya mayai meupe, makali, kama yametoka kwenye kikaango jana. FundiUdongo, nilicheka peke yangu.

Majani mapya ya Anna yamerudi kijani. Yale yaliyojikunja bado yamejikunja. Nagonga kamba kila saa saba ninapokuwa nyumbani, nisipokuwepo binti yangu anagonga kwa kijiko. Ile ya balkoni bado inapukutisha. Lakini kwa zile za juu kuna vitu vya ukubwa wa gololi.

ShoshWaLimuru
Gololi ngapi?

NdooTano
Kumi na moja, Shosh. Keateka naye amezihesabu.