Nimevalishwa kofia ya muda kwenye gego, ya kudumu bado wiki mbili. Naitunzaje?

Ndizi_Tukuyu: Habari za jioni wakuu. Gego langu la chini kushoto limechongwa Mbeya mjini na kuvalishwa kofia ya muda ya plastiki. Ya kudumu inatengenezwa maabara. Mshipa wa jino haujauawa, na kwa baridi hii ya Julai nikivuta hewa tu linashtuka. Naogopa kofia itang'oka nikiwa huku mbali. Niepuke nini?

Mkulima wa Makambako: Pole mkuu. Hiyo imeshikishwa kwa saruji dhaifu makusudi, ili daktari aitoe bila kuumiza jino. Kwa hiyo vitu vya kunata ndivyo hatari zaidi: jojo, tofi, kashata. Mahindi ya kuchoma, kande na muwa navyo weka kando, tafunia kulia. Rungwe hamkosi vyakula laini, ndizi na parachichi zimejaa. Kushtuka kwa baridi ni kawaida jino likiwa hai. Kunywa vuguvugu, asubuhi funika mdomo kwa skafu.

Mama wa Uyole: Tafadhali usiogope kupiga mswaki hapo. Fizi ikivimba itavuja damu siku ya kuvalishwa ya kudumu, na gundi haitashika vizuri. Ukitumia uzi wa meno, uchomoe kwa pembeni, usiuvute juu.

Ndizi_Tukuyu: Asanteni sana. Na ikitoka usiku?

Tabibu Meno: Ioshe, itunze, asubuhi piga simu kliniki. Baadhi ya famasi huuza saruji ya muda. Ukiikosa, paka Vaseline kidogo ndani, irudishe, ila ukilala itoe isije ikapita kooni. Supa glu kamwe, inaunguza fizi na kuharibu jino. Na usikae na jino wazi ukisubiri tarehe: meno ya jirani husogea, kofia ya kudumu ikija haiingii. Nikuulize, ukiuma meno, hiyo kofia inagusa kabla ya mengine?

Ndizi_Tukuyu: Ndiyo daktari, inagusa kwanza, na taya inachoka. Nilidhani nitaizoea.

Tabibu Meno: Hiyo si ya kuzoea, imezidi kimo. Rudi wakaisage kidogo, ni kazi ya dakika chache. Ukiachia, jino litauma na kofia inaweza kupasuka. Uso ukivimba au jino likipwita usiku, usingoje hata siku moja.

Ndizi_Tukuyu: Nimeelewa. Kesho napanda gari la kwanza.